Nusu ya Kwanza

Saa mbili na nusu asubuhi, Njombe ikiwa bado imejifunika ukungu wake, Tusekile Mwakalinga alikuwa ameshamwosha mlevi mmoja wa ng'ambo na kumvalisha nguo safi. Kuosha ndivyo walivyosema wenyewe pale Nyumba ya Majibu. Mlevi alikuwa ameandika mtandaoni kwamba watu weusi hawajawahi kujenga kitu kikasimama, akaandika kwa hasira, akamalizia na tusi la nyani. Tusi Tusekile alilitupa. Hasira akaipunguza. Kisha akaanza kazi yenyewe, nayo ilikuwa kuichukua takataka ile na kuifanya hoja.

Hiyo ilikuwa kanuni ya nyumba tangu siku ya kwanza. Humjibu mtu mpaka uwe umeisema hoja yake vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe. Waasisi walikuwa mawakili na walimu wastaafu, watu wa haki mpaka inaudhi, na waliamini kwamba anayeshinda hoja dhaifu hajashinda kitu. Kwa hiyo kila jibu lililotoka Njombe lilikuwa na nusu mbili, juu na chini, ukurasa mmoja. Nusu ya kwanza ilikuwa hoja ya adui, imenolewa. Nusu ya pili ilikuwa kuivunja. Ulimwengu mzima ulisoma bure.

Mbele ya kiti chake ukuta ulikuwa na taa mia moja. Kila taa ilikuwa akili mnemba moja iliyofundishwa kuwa mtu fulani: mama muuza maua wa mji wa bandari, mwalimu wa hesabu, kijana asiye na kazi anayewachukia watu wote sawasawa. Waliitwa Wasikilizaji Mia, na mitambo yao ilizikwa chini ya sakafu kwa sababu mitambo hupenda baridi na Njombe baridi haijawahi kuadimika. Hawakuwa watu, lakini walibadili mawazo kama watu, yaani kwa vitu vidogo vidogo. Taa ikiwaka bluu, yuko nanyi. Ikiwaka nyekundu, amekwenda kwa adui. Kunoa hakukukubaliwa mpaka nyekundu zifike sitini. Kuvunja hakukukubaliwa mpaka bluu zifike sabini.

Tusekile aliongeza sentensi moja kwenye hoja ya mlevi, kuhusu daraja lililoanguka na mkandarasi aliyekimbia. Nyekundu zikaruka kutoka arobaini na nne hadi sitini na tisa. Alitabasamu. Miaka tisa alikuwa ndiye mnoaji bora wa nyumba, na kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: alipenda kunoa kuliko kuvunja. Kuvunja kulikuwa na takwimu na adabu. Kunoa kulikuwa na nyama.

*

Lugano alipiga simu saa sita, mama yake akiwa kwenye kantini na bakuli la maharage mbele yake. Alikuwa binti yake wa pekee, mwaka wa pili wa uhandisi wa madaraja katika mji wa kaskazini ambako theluji hukaa hadi mwezi wa nne. Sauti ilitoka kwenye kifungo cha simu kilichoshonwa ukosini mwa koti, na Tusekile akajua kabla ya salamu kuisha kwamba mtoto hajalala vizuri.

"Ugonile, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nataka nikusomee kitu. Kiko kwenye baraza la darasa letu, mtandaoni. Kuna mtu amekiweka juzi na hasemi jina lake."

"Matusi?"

"Ingekuwa matusi nisingekupigia. Matusi nimezoea, huwa nawacheka." Lugano alivuta pumzi. "Sikiliza. 'Msilie umaskini kwa mtu aliyepewa kila kitu. Namfahamu mwanakijiji mmoja. Siku alipoondoka kwenda kusoma ng'ambo walimpigia tarumbeta stendi, na baba yake alisimama pale amevaa viatu vya kuazima. Akapewa chumba, vitabu, walimu. Mwaka wa tatu akarudi bila cheti, na hadi leo anaotesha miche ya parachichi kwenye makopo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemzuia. Kilichomrudisha nyumbani ni kile alichozaliwa nacho.'"

Tusekile aliweka kijiko chini. Maneno mawili matatu yalikuwa yamebadilishwa, lakini mtu huujua mwendo wake hata akiuona kwa nyuma. Ile 'hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemzuia' aliiandika yeye mwaka juzi, siku ya mvua, na taa sabini na nane zilikuwa nyekundu.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Si ni Mjomba Ambakisye huyo? Tarumbeta, viatu, miche kwenye makopo. Nani amewaambia watu hawa habari za Mjomba?"

"Vijiji vinafanana, Lugano. Kila kijiji kina mtu wake aliyerudi."

"Labda." Hakuonekana kuridhika. "Nimeshindwa kujibu, Mama. Tuko hamsini na watatu darasani, mweusi mimi peke yangu, na wenzangu wote wanasubiri niseme kitu. Hata wale wazuri. Hao ndio wabaya zaidi, wananiangalia kwa huruma. Kila nikikosea hesabu sasa hivi najiuliza kama ndiyo nimeanza kurudi. Fomu ya kuacha chuo nimeshaijaza. Kesho saa nne mjadala barazani unafungwa, na mimi naituma."

"Hutumi kitu. Nipe mpaka kesho saa tatu. Kazi yangu ni nini?"

"Kujibu," Lugano alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea kidogo. "Ndiyo maana nimekupigia wewe."

*

Mkuu wa zamu, Sigfrid Mligo, alikuwa mtu mpole mwenye sweta moja la kijivu ambalo wafanyakazi walilifahamu kuliko uso wake. Tusekile alipoingia ofisini kwake alimkuta anajua tayari.

"Kaa, dada. Wameanza mwezi uliopita. Tulidhani itapita."

Akamweleza, na maelezo yenyewe yalikuwa mafupi kwa aibu. Kuna watu walizichukua kurasa zote za Nyumba ya Majibu, elfu nne mia tatu na kumi na mbili, kazi ya miaka kumi na moja. Wakakata kila ukurasa katikati. Za chini wakazitupa. Za juu wakailisha akili mnemba yao wenyewe, wakaipa jina bila kujisumbua: Nusu. Yeyote mwenye chuki na simu aliweza kuiita, akaieleza anamchukia nani na wapi, nayo ikamchagulia hoja inayofaa na kubadili maneno kidogo ili isitafutike. Mlevi wa jana sasa alizungumza kama wakili.

"Yaani tumewaandikia sisi," Tusekile alisema.

"Tuliwatendea haki." Mligo alivuta mikono ya sweta. "Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa hili. Mtu wa kawaida akimjibu mbaguzi humfanya mjinga, basi. Sisi tukampa elimu." Akafungua orodha ukutani. "Inayotumika zaidi ya zote ni ukurasa wa 2207. Mwanakijiji. Mara laki tisa kwa wiki nne. Ni wako."

Tusekile aliisoma namba ile ukutani.

"Nusu ya pili yake ni nzuri, nimeisoma tena leo. Mwaka ule wanafunzi themanini na watatu waliacha chuo kile kile, na sabini na tisa walikuwa wenyeji weupe, na hakuna aliyeandika ukurasa kuhusu walichozaliwa nacho. Safi kabisa. Lakini ukiisoma peke yake haishiki. Watu wamekwishaona viatu vya kuazima, na takwimu haina viatu." Alimtazama. "Huyu mtu ni nani?"

"Wa kubuni."

"Basi mbuni upya. Andika nusu ya pili inayoweza kusimama bila ya kwanza, yenye mtu ndani. Tutaichapisha ukurasa mzima, na baraza la waasisi litaiwekea muhuri kwamba ni habari ya kweli iliyothibitishwa, maana wasomaji watauliza." Akasita. "Ya kweli, dada. Nilitamka kubuni kwa mazoea."

*

Alijifungia kibandani mwake, mbele ya ukuta wa taa, saa nane mchana.

Ukweli aliujua, na ulikuwa mfupi. Ambakisye alikuwa kaka yake. Hakushindwa hesabu yoyote. Barua za walimu wake zilikuwa bado kwenye sanduku la bati kule Tukuyu, zote za sifa. Mwaka wake wa tatu mama yao alipooza upande mmoja. Wa kumtunza alikuwa Tusekile, aliyekuwa nyumbani, miaka kumi na tisa, na nafasi yake ya chuo Dar es Salaam mkononi. Akamwandikia kaka yake kwamba mama yuko siku zake za mwisho, aje amuage. Mama hakuwa kwenye siku za mwisho. Aliishi miaka sita. Ambakisye alikuja na begi dogo, na Tusekile akaondoka kwa basi la wiki iliyofuata.

Ni kaka aliyemwosha mama yao, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kijiji kiliposema ameshindwa na masomo ya Wazungu, hakukanusha, maana angekanusha mama angejua ni nani aliyemrudisha. Mama alipofariki, kaka alikuwa ameshazoea kunyamaza. Na Tusekile, Mungu amsamehe kama ataweza, alipokosa nyama ya kunolea hoja siku ile ya mvua, akachukua ya kaka yake.

Aliandika ukweli. Kwamba mwanakijiji alirudi kumuuguza mama yake. Alijiacha nje. Akawapa Wasikilizaji Mia.

Bluu thelathini na nne.

Wasikilizaji huruhusiwa kutoa sababu kwa mstari mmoja. Muuza maua: angeweza kuweka mtu wa kumuuguza. Mwalimu wa hesabu: hadithi nzuri, lakini kwa nini hakurudi kumalizia? Kijana asiye na kazi: huyu hana hata dada?

Tusekile aliusoma mstari huo wa mwisho mara kadhaa. Kisha akakaza moyo, akajitia ndani, barua ya uongo na basi na yote. Alidhani uchungu wenyewe utawagusa. Bluu zikashuka hadi ishirini na saba. Muuza maua akaandika: kumbe ndivyo walivyo, hata wao kwa wao.

Hapo alicheka, peke yake mle kibandani, kicheko kibaya. Alikuwa amesema ukweli wote kwa mara ya kwanza maishani mwake, nao ukatumika kuthibitisha hoja ya upande wa pili.

Mnoaji ndani yake hakuwa amelala. Alijua kinachokosekana ni nini, kama mpishi anavyojua chumvi. Walitaka mtu wa kumlaumu aliye nje ya familia. Akaandika: jioni moja ya majira ya baridi, wanafunzi watatu walimngoja mwanakijiji kwenye ngazi za maktaba. Walimvunja mkono wa kulia, ule wa kuchorea. Chuo kikamshauri anyamaze. Aliporudi nyumbani, alisema ameshindwa masomo ili baba yake mwenye viatu vya kuazima asijue walichomfanyia mwanawe.

Taa ziligeuka kama upepo umepita. Bluu themanini na nane.

Alikaa akizitazama. Mambo kama hayo yalitokea. Ushahidi wake ulijaa kabati nzima ghorofa ya chini, mikono ya watu wengine, ngazi nyingine. Hayakumtokea Ambakisye, basi. Je, uongo wa kitu kinachotokea ni uongo kiasi gani? Swali hilo alilinoa vizuri, akalitembeza huku na huku, na kila alipofika mwisho wake alimwona Lugano na fomu. Ukweli ulikuwa na bluu ishirini na saba, na kanuni ilikataza kuchapisha chini ya sabini. Angechapisha ukweli, mtoto angerudi. Alishamrudisha mtu mmoja kwa barua. Hakutaka kumrudisha wa pili.

Kwenye fomu ya kuchapisha kulikuwa na kisanduku kilichouliza: habari hii ni ya kweli? Akaweka alama ya ndiyo. Akatia jina lake chini, jina kamili, kwa sababu muhuri wa waasisi haukutolewa bila jina.

*

Ukurasa ulitoka saa moja asubuhi. Saa mbili na robo Mligo alikuja kibandani na vikombe viwili vya chai, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Umeenda dunia nzima. Nusu haina la kusema, kila inayoitwa inarudia yale yale. Watu wanaweka picha za ngazi za maktaba za vyuo vyao." Akaketi pembeni ya meza. "Huyo mtu wa kubuni ana kaburi au yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mpe heshima zangu."

Tusekile alifungua baraza la darasa la Lugano. Mwenye kuficha jina alikuwa amenyamaza. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wameandika kwamba wanaona aibu. Mmoja alimwomba Lugano msamaha kwa jina. Tusekile alijikuta analia, na ilikuwa raha. Alimtumia binti yake ujumbe: Umesoma?

Jibu halikuja. Saa tatu kasorobo ujumbe wa Lugano ulitokea, lakini haukutokea kwenye simu ya mama yake. Ulitokea barazani, mbele ya wote.

"Mtu huyu ni mjomba wangu. Anaitwa Ambakisye Mwakalinga, na jina la aliyeandika ukurasa ni la mama yangu. Jana nilipitia kurasa za Nyumba ya Majibu moja moja kutafuta jibu, nikalikuta la 2207, nusu zote mbili. Leo asubuhi, baada ya kusoma ukurasa mpya, nimempigia mjomba. Si kweli kwamba alipigwa. Hakuna aliyemvunja mkono. Alirudi kumuuguza bibi yangu kwa sababu aliitwa kwa uongo, na alimuuguza miaka sita. Sitaki kutetewa kwa uongo. Mwenye swali aniulize mimi."

Mligo alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Tusekile. Aliweka kikombe chini taratibu. Hakumgombeza. Alinyoosha mkono, akawapa Wasikilizaji Mia maneno ya Lugano kama yalivyo, bila kuyaosha, nao wakaanza kugeuka. Muuza maua kwanza, kisha mwalimu. Walipotulia, nyekundu zilikuwa tisini na moja.

"Na zile kurasa elfu nne," Mligo alisema. "Sabini na tisa kati ya themanini na watatu. Kesho nani ataamini kwamba hata hiyo hatukuitunga?" Akavuta sweta, akatoka, akasahau chai yake.

Barazani mwenye kuficha jina alikuwa amerudi. Aliandika neno moja tu, la kucheka.

*

Simu ilipolia saa nne na dakika tano, Tusekile aliiacha ilie mara tatu ili sauti yake ikae sawa.

"Baraza limefungwa," Lugano alisema. Alikuwa anatembea, viatu vyake vilisikika kwenye theluji. "Wamenitukana sana. Wengine wameniuliza maswali ya maana. Nimejibu niliyoweza."

"Mwanangu, nilikuwa nataka usirudi. Hilo tu."

"Najua." Hatua kadhaa zilipita. "Mjomba nimemsomea maandiko yote mawili. La kupigwa alilicheka. Akasema hata ngumi hajui kukunja, nani angejisumbua. Lile la kwanza, la stendi na viatu, akaniomba nirudie."

Tusekile alifumba macho.

"Nikarudia. Akasema, huyo ni dada yangu. Wengine wote stendi walimwona baba amevaa viatu vizuri. Tulijua sisi wawili tu kwamba ni vya kuazima." Sauti ya Lugano ilikuwa kavu. "Hakukasirika, Mama. Akaniuliza kama huko uliko unakula vizuri. Miche alikuwa anamwagilia, nikisikia maji."

"Nitakwenda kwake. Jumamosi nitakwenda Tukuyu."

"Ukienda usimnolee kitu. Nimesoma nusu zako zote mbili, Mama, za 2207. Ile ya chini umeifanya kwa sababu ni kazi yako. Ile ya juu uliifurahia. Mimi nimesoma barua zako tangu utoto, naujua mkono wako ukifurahi."

Yeye aliyekula mshahara wa majibu miaka tisa akakimbilia swali.

"Na fomu?" aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo, kwa sababu lilikuwa bado ndilo jambo pekee alilotaka kujua. "Umeituma?"

"Nimeichana."

Tusekile alishusha pumzi. Chozi lilimtoka, la shukrani tupu, na akaanza kusema asante, ndaga, ndaga mwanangu, kama mtu aliyepona ajali.

"Subiri, usinishukuru," Lugano alisema. "Nitamaliza shule. Nikimaliza nitatafuta kazi huku huku, na likizo nitakwenda kwa Mjomba. Huku angalau wanaonichukia hawanijui. Njombe sitakuja tena."

Viatu vilikwenda hatua nyingine nne au tano, kisha simu ikakatika.

Tusekile alibaki na mkono ukosini. Ukutani mstari mpya ulikuwa umeshaingia, wa bwana mmoja wa ng'ambo, umejaa makosa na hasira, na chini yake maelekezo ya kila siku: osha, noa, vunja. Kwa mazoea alisogeza kiti. Alilitupa tusi. Akapunguza hasira. Kisha akasoma kilichobaki, akatafuta kwa bwana yule sentensi moja yenye nyama, na ikamjia mara moja, ya mama aliyefukuzwa na mtoto wake mwenyewe.

Aliiandika. Taa zikaanza kugeuka nyekundu.